Mwamba Ndani ya Kioo: Kufuga Viumbe vya Bahari Nyumbani Pasi na Israfu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeiumba bahari na kuifanya riziki na pambo kwa waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Katika baadhi ya nyumba zetu za pwani imeingia desturi ambayo wazee wetu hawakuijua. Sebuleni huwekwa tangi kubwa la kioo, ndani yake maji ya chumvi, mawe, matumbawe yaliyo hai na samaki wa rangi. Wazee wetu hawakuwa na haja nalo. Bahari ilikuwa mlangoni kwao, na nyumba walizokaa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Leo wako watoto wa Mombasa wanaokulia ghorofani, ambao huenda wakamaliza mwezi mzima hawajakanyaga mchanga wa pwani. Mzazi akitaka mwanawe aione kazi ya Mola wake katika bahari, si ajabu akavutiwa na tangi hilo.

Masuala mawili yametufikia kuhusu jambo hili, na wengi walioyaleta ni akina mama. La kwanza: je, yajuzu kumfungia kiumbe wa bahari ndani ya kioo kwa ajili ya kutazamwa? La pili: je, nyumba ya mapato ya wastani yaweza kulibeba tangi hilo bila kuingia katika israfu? Twataraji, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, kuyajibu yote mawili, na la pili tutalikalia zaidi, kwani ndilo linaloziumiza nyumba nyingi.

Hukumu yake

Imethibiti katika Hadithi sahihi kwamba Abu Umair, nduguye mdogo Anas bin Malik, alikuwa na kindege akicheza naye, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akimtania mtoto huyo kuhusu kindege chake wala asimkataze. Hapo wanazuoni wakapata dalili ya kujuzu kumweka kiumbe nyumbani kwa ajili ya kujiliwaza. Imethibiti pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Ruhusa basi ina sharti lake. Anayemfungia kiumbe amejitwika riziki yake yote.

Kwa samaki na matumbawe sharti hilo ni zito zaidi. Paka akiona njaa hulia, na mbuzi akikosa maji hupiga kelele hadi jirani akasikia. Samaki halii. Joto likizidi au maji yakichafuka hana pa kukimbilia, na aghalabu mwenye nyumba hutambua asubuhi anapomkuta amelala chali. Kwa hiyo asiyeweza kujifunza namna ya kuwatunza viumbe hawa, wala hana nafasi ya kuwaangalia kila siku, tunamnasihi asianze.

Ama kuhusu mali, Qur'ani Tukufu katika Surat al-Israa imekemea ubadhirifu kwa maneno makali, na katika Surat al-Furqan imewasifu waja wanaotumia kwa wastani, wasiopita mpaka wala kufanya ubahili. Israfu haipimwi kwa wingi wa shilingi peke yake. Shilingi elfu tano kwa tajiri zaweza kuwa jambo jepesi, na kwa mwenye deni la duka zikawa israfu. Chakula, kodi, karo, matibabu na madeni hutangulia, kisha ndipo yafuate mapambo. Atakayeigeuza safu hiyo hawezi kujitetea kwa kuwa tangi lake lazungumzia uzuri wa uumbaji.

Habari ya nyumba moja

Mama mmoja alitujia baada ya darasa la wanawake na kutueleza yaliyompata. Yeye ni mjane, na kijana wake mkubwa ndiye anayeisaidia nyumba kwa mshahara mdogo. Kijana huyo alianza na tangi la kawaida. Kisha akaambiwa na wenzake kwamba taa yake haifai, akanunua nyingine ya bei kubwa. Akaambiwa tena kwamba matumbawe ya thamani hayaishi bila mashine ya kupozea maji, akainunua nayo. Fedha hakuwa nazo, hivyo akachukua mkopo wa simu wenye riba, na ulipofika wakati wa kulipa akachukua mwingine wa kuulipa wa kwanza. Tokeni za umeme zilizokuwa zikitosha mwezi zikawa zakwisha kabla ya nusu yake. Binti mdogo wa nyumba hiyo akarudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo. Na umeme ulipokatika siku mbili mfululizo, maji yakapata moto na matumbawe yakageuka meupe kama chokaa. Mama akatuuliza kwa uchungu: "Sheikh, nilivunje?"

Tulimjibu kwamba kulivunja tangi hakulipi deni, na ndani yake mna viumbe ambao hawakukopa chochote. Jambo la kwanza lilikuwa kukomesha riba, kwani hiyo ni haramu iliyo wazi na hakuna mwamba wala samaki wa kuihalalisha. Tuliketi na kijana, mamake akiwapo, tukaandika kwenye karatasi kila kifaa na umeme kinachokula. Mashine ya kupozea na ile taa kubwa ziliuzwa, na fedha zake zikaenda kulipa mikopo. Tangi likahamishwa kutoka dirisha linalopigwa na jua la alasiri hadi ukumbi wa ndani, likawekewa feni ndogo na taa ya kadiri. Matumbawe yaliyokuwa magumu kutunza yalikuwa yamekwisha kufa. Yale laini yalibaki, na yangali hai hadi leo. Deni lilichukua miezi kadhaa kumalizika. Binti alirudi shuleni kabla ya muhula kwisha.

Tumeisimulia habari hii kwa idhini ya mama mwenyewe, ili ionekane kwamba gharama kubwa za tangi aghalabu hutokana na kutaka kufuga kile ambacho nyumba haina uwezo nacho. Anayechagua viumbe wanaolingana na maji, hewa na mfuko wake atakuta hesabu ni nyingine kabisa.

Njia nyepesi ilitangulia

Wengi hudhani kwamba mwamba wa nyumbani ulibuniwa na matajiri wenye mitambo. Sivyo. Miongoni mwa waliotangulia kuwafuga matumbawe nyumbani ni Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, ambaye makala yake ilichapishwa mwaka 1961 katika jarida la Marekani la wafugaji samaki. Yeye aliishi karibu na bahari, mfano wetu. Alitumia maji ya bahari, mawe yaliyotoka baharini pamoja na vijidudu vyake, mwanga wa jua na mapovu machache ya hewa. Mitambo mingi ilikuja baadaye, na mingi kati yake ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na bahari au katika nchi za baridi. Mkaazi wa pwani anayeinunua yote kwa kufuata mkumbo hulipia dawa ya maradhi asiyokuwa nayo.

Hebu tuitazame hesabu, kipengele baada ya kipengele.

Ukubwa wa tangi

Anayeanza hujiambia kwamba tangi dogo ni rahisi. Bei yake ni ndogo, kweli, lakini maji machache hubadilika upesi: joto hupanda kwa saa chache, chumvi huzidi kwa siku moja, na samaki mmoja akifa huyaharibu yote. Tangi la urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45 huchukua takriban lita 180, na hilo ni la kadiri kwa nyumba. Fundi wa vioo wa mtaani aweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 10. Ukinunua lililokwisha kutumika, lijaze maji nje mahali palipo sawa na uliache siku mbili kabla ya kulipa. Tena kumbuka uzito. Lita 180 za maji ya bahari zina zaidi ya kilo 180, mbali na kioo na mawe, na meza ya televisheni haikutengenezwa kubeba mzigo huo.

Maji

Hapa ndipo watu wa pwani walipojaaliwa. Jamaa zetu wa Nairobi hulazimika kununua chumvi maalumu inayotoka ng'ambo. Kila lita yahitaji takriban gramu 35, hivyo tangi la lita 180 lataka zaidi ya kilo 6 kwa kulijaza mara moja tu, na chumvi ya jikoni haifai badala yake. Sisi maji twayapata bure, mradi tuyachote mahali na wakati unaofaa. Yachotwe wakati maji yanapojaa, kwenye ufuo ulio wazi kwa bahari kuu, mbali na bandari, midomo ya mito na mabomba ya maji machafu. Yasichotwe siku za mvua wala siku chache baada yake, kwani uchafu wa mji wote huteremkia baharini. Mitungi isiwe iliwahi kutiwa mafuta au sabuni. Yachujwe kwa kitambaa safi, yakae gizani kwa wiki moja au mbili huku yakipulizwa hewa, kisha yatumike yale maangavu ya juu.

Kila wiki hubadilishwa sehemu 1 ya 10, yaani lita 18, ambazo hazijazi mtungi mmoja wa lita 20. Kwa mwenye matumbawe laini machache, mabadiliko hayo hurudisha kalsiamu na madini mengine kiasi cha kutosha, na hana haja ya kununua chupa za madini zinazouzwa kwa bei ya manukato.

Jambo moja huwaponyoka wengi. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki. Lita 18 zikipotea na zisijazwe, chumvi ya gramu 35 kwa lita hupanda kukaribia 39, na matumbawe huteseka. Kinachojazwa kila siku basi ni maji matamu, na maji ya chumvi hubaki kuwa ya kubadilishia tu. Maji ya mfereji yana klorini, na visima vingi vya pwani vina chumvi na uchafu mwingine. Yanayofaa ni yale yaliyochujwa kwa mashine, yanayouzwa mitaani kwa mtungi, mradi yasiwe yametiwa madini. Lita 2 na nusu kwa siku hufikia lita 75 kwa mwezi, sawa na mitungi 4 hivi. Na iwe akilini kwamba Mtume wetu alitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kinachokaribia ujazo wa viganja viwili vya mikono. Umma wenye Mtume wa namna hii haupaswi kumwaga maji ya kunywa kwa uzembe. Mama anapojaza tangi kwa kikombe alichokipima, hapungukiwi na chochote.

Umeme na joto

Chukua nguvu ya kifaa kwa wati, zidisha kwa saa kinazofanya kazi, gawanya kwa 1,000, nawe utapata uniti. Taa ya wati 60 kwa saa 8 hula uniti 0.48 kwa siku. Pampu za wati 15 zisizozimwa hula 0.36. Feni ndogo ya wati 10 kwa saa 12 hula 0.12. Jumla yake ni 0.96, yaani karibu uniti 29 kwa mwezi. Mashine ya kupozea maji ya wati 250, ikifanya kazi saa 12, hula uniti 3 kwa siku, ambazo ni 90 kwa mwezi. Mashine hiyo peke yake yashinda vifaa vyote vingine mara 3. Ukitaka kujua ni shilingi ngapi, utazame ujumbe wa tokeni wa mwisho, ugawanye fedha ulizotoa kwa uniti ulizopewa, kisha uzidishe.

Feni inayopuliza juu ya maji huyapoza kwa kuyageuza mvuke, kama vile mtungi wa udongo unavyoyapoza maji ya kunywa. Huteremsha nyuzi 2 au 3, ingawa hewa yetu ikiwa na unyevu mwingi nguvu yake hupungua. Lengo ni kubaki kati ya nyuzi 25 na 28. Chagua chumba kisichopigwa na jua la mchana, fungua dirisha la upepo, na katika miezi ya kaskazi wakati wa joto kali washa taa usiku badala ya mchana. Mwanga wa saa 8 watosha. Ukizidisha utalipia umeme wa kuotesha mwani mchafu.

Mawe na viumbe

Tangi jipya huwa na maji safi ya macho tu. Uchafu wa samaki huwa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni machache. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuzaana juu ya mawe na mchanga. Anayetia samaki siku ya kwanza ili wageni wa Idi waone hununua samaki mara mbili. Subira hapa haina gharama yoyote, nayo ndiyo inayookoa fedha kuliko kifaa chochote.

Mawe hayapaswi kuvunjwa baharini. Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, na Mombasa tangu 1986, na ndani ya hifadhi hizo hakuna ruhusa ya kuondoa hata kombe moja. Nje yake pia, kukusanya samaki wa mapambo kwahitaji leseni, na matumbawe magumu yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara yake. Wavuvi wetu wanakumbuka mwaka 1998, joto la bahari lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Mwamba ulioponea hapo ndio malezi ya samaki wanaofika katika vyungu vyetu. Kuung'oa ili kupamba sebule ni kumnyang'anya mvuvi riziki yake, na mali iliyopatikana hivyo si ya bure hata kama hukuilipia.

Badala yake, mawe yaweza kutengenezwa nyumbani. Changanya sehemu 1 ya saruji na sehemu 4 za makombe ya chaza yaliyokwisha kuliwa na kusagwa, finyanga umbo lenye matundu, kisha loweka katika maji matamu yanayobadilishwa mara kwa mara kwa wiki 6 hadi 8, mpaka ukali wa saruji utoke na kipimo kiuonyeshe umetoka. Ukipata kipande kidogo cha jiwe kutoka tangi la mfugaji mwingine, kitakuletea bakteria wa kuanzia. Matumbawe laini nayo hukatwa vipande na kila kipande huota, hivyo wafugaji wenye ujirani mwema hupeana kama akina mama wanavyopeana miche ya mrehani na asumini.

Kwa samaki, chagua wachache wanaobaki wadogo. Samaki wa machungwa mwenye mistari myeupe, ambaye watoto humwita Nemo, ni mstahimilivu, huzalishwa katika matangi, na aweza kuishi zaidi ya miaka 10. Hana haja ya yule mnyama mwenye minyiri anayekaa naye baharini, ambaye hudai mwanga mwingi. Uepuke jamii ya kangaja, ambao hukua na hutaka nafasi ya kuogelea, na vitatange wengi, ambao chakula chao ni matumbawe yenyewe na hufa njaa mbele ya macho yako. Chakula hupatikana sokoni: uduvi wabichi, kipande cha kamba au ngisi, vikikatwa vidogo, vikasuuzwa na kugandishwa katika vibati vya barafu. Walishwe kile watakachokimaliza kwa dakika mbili.

Palipo na kubana na pasipo kubanwa

Mengi yaweza kupunguzwa, lakini mambo manne tunawasihi msiyabane. Kipimo cha chumvi na kipimajoto vinunuliwe vizuri, kwani jicho halioni chumvi. Vipimo vya amonia na naitreti vyaweza kununuliwa kwa ushirika wa nyumba mbili au tatu. Nyaya za umeme zipinde chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji liangukie sakafuni na lisiingie katika soketi, na fundi aweke swichi ya kukata umeme unapovuja, kwani maji ya chumvi na umeme havina mzaha na mtoto. Na pampu ya hewa inayotumia betri iwepo kwa siku za stima kupotea.

Lipo pia la usalama wa mikono. Baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya nguo yana sumu kali mno. Anayeyashika avae glavu, aoshe mikono, wala kamwe jiwe lenye viumbe hao lisichemshwe wala kumwagiwa maji ya moto, kwani mvuke wake umewahi kuwafikisha watu hospitalini. Ndoo ya tangi isiingie sabuni. Dawa ya kupuliza mbu huua samaki na kamba, basi isipulizwe chumbani humo, na pampu ya hewa izimwe udi na ubani vinapofukizwa. Dawa za samaki zenye shaba huua matumbawe na konokono.

Pato na zaka

Kijana mwenye bidii aweza kuuza vipande vya matumbawe aliyoyaotesha au samaki aliowazalisha, na hivyo tangi likajilipia. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamekataza kuuza samaki aliye baharini kabla hajavuliwa, kwa sababu ya utatanishi uliomo. Aliye katika hodhi dogo, aonekanaye na kushikwa kwa urahisi, wamemruhusu. Tangi la pambo halina zaka. Lakini likigeuka bidhaa ya biashara, mwaka ukitimia na thamani ikafikia nisabu, sehemu 1 ya 40 ni haki ya wenye kustahiki. Na asisahau kutafuta leseni inayotakiwa.

Nasaha yetu

Mwenye kutaka kuanza na afanye jaribio hili. Akisha piga hesabu ya umeme, maji na chakula kwa mwezi, aweke kando kiasi hicho kila mwezi kwa miezi 3 kabla ya kununua chochote. Ashauriane na mkewe, au kijana na mamake, kwani atakayejaza maji mchana wa kazi aghalabu ni mwanamke wa nyumba, na kumtwika mzigo asioulizwa ni dhuluma ndogo inayokua. Ikiwa miezi 3 imepita, karo imelipwa, hakuna aliyekopa na fedha zingali zipo, basi na aanze kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ikiwa fedha zilichukuliwa na haja nyingine, amejua hali yake bila kuua kiumbe hata mmoja.

Na asiyeweza asione amepungukiwa. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, mwamba hubaki wazi na vidimbwi vyake hujaa samaki wadogo, kaa na konokono. Kisiwani Wasini, akina mama wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe, na wageni huilipia kiingilio kinachowafaa wao na watoto wao. Mpeleke mwanao, avae viatu, asing'oe kitu, atazame na kumtukuza Muumba wake. Nauli ya siku moja ni ndogo kuliko taa, na viumbe wale hawakutegemei wewe kwa pumzi yao.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, atukinge na riba na israfu, na atujaalie kuwa waaminifu kwa kila kilicho chini ya mikono yetu. Wallahu aalam.